Tusikihamishie Kiswahili chumba cha uani

Mwaka wa 2020, shule zote nchini zikiwa zimefungwa kwa sababu ya janga la Covid-19, mtoto wa jirani yangu katika mtaa wa Umoja alinibishia mlango na kuniuliza swali ambalo sijalisahau hadi leo. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba. Alivaa barakoa iliyomzidi uso, na mkononi alishika daftari na kalamu kana kwamba anaelekea shuleni.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu. Mama ameniambia nikuulize, ile stesheni ya kusoma iko namba ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua, kama Wakenya wengine walivyojua, kwamba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) ilikuwa ikipeperusha masomo kupitia redio za Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) na chaneli ya runinga iitwayo Edu. Lakini namba yake katika king'amuzi cha jirani, ambacho hakikuwa sawa na changu, sikuijua. Niliandamana na mtoto hadi kwao, mama yake akanipa rimoti nikiwa nimesimama kizingitini, nikaanza kupekua. Tulipita mhubiri, tukapita mhubiri mwingine. Tukapita muziki, michezo ya kamari, tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiingereza, mechi ya kandanda ya miaka iliyopita na mtu anayeuza dawa za mitishamba. Tulipoifikia ile chaneli hatimaye, mwalimu wa runingani alikuwa akiwaaga wanafunzi wake. Mtoto aliandika tarehe katika daftari, akapiga mstari chini yake, akalifunga.

Nalikumbuka tukio hilo kila nisikiapo mtu akisifu neema tuliyoletewa na mfumo wa dijitali. Neema hiyo ipo, na si nia yangu kuikana. Ninalotaka kujadili ni jambo moja ambalo halikupewa uzito unaolistahili wakati wa kuhama, na ambalo bado halijapewa. Jambo hilo ni ratiba ya vipindi katika kituo cha umma. Tulibishana kwa miaka kuhusu mitambo, masafa, leseni na bei ya ving'amuzi. Hatukuuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza kwanza: nafasi ikiongezeka, nani atapewa saa ipi, na katika lugha gani?

Hebu tuanze na utaratibu wenyewe wa mitambo, maana ndio uliozaa mambo yote. Katika mfumo wa analogi, kipande kimoja cha masafa kilibeba chaneli moja tu. Kwa miaka mingi KBC ilikuwa na chaneli moja, na kila kilichotakiwa kuonyeshwa na umma wa Kenya kilibanwa humo humo. Katika mfumo wa dijitali, kipande kile kile cha masafa kinaweza kubeba chaneli kumi na zaidi. Nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano zilikubaliana mjini Geneva mwaka wa 2006 kwamba analogi ikome ifikapo tarehe 17 Juni, 2015. Tanzania ilitutangulia, ikaanza kuzima mitambo ya analogi jijini Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka wa 2012. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, lakini kuzima analogi kukawa vuta nikuvute mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake Septemba 2014.

Mitambo ya analogi jijini Nairobi ilizimwa tarehe 14 Februari, 2015. Vituo vikubwa vya kibinafsi, yaani NTV, KTN na Citizen, vilitoweka hewani kwa siku 19 kwa sababu ya mzozo huo. Katika siku hizo, KBC iliachiwa uwanja kwa namna ambayo haikuwa imeonekana tangu KTN ilipoanzishwa mwaka wa 1990. Nakumbuka hoteli moja ndogo ya Buruburu nilikozoea kunywa chai jioni. Mwenye hoteli aliifungua KBC kwa shingo upande, wateja wakanung'unika, kisha polepole wakanyamaza wakasikiliza. Fursa ilikuwa imejileta yenyewe mlangoni. Ilidumu siku 19, kisha wateja wakarudi walikotoka.

Msomaji kijana huenda akauliza: kwa nini mtu mzima aihuzunikie ratiba ya kituo cha runinga? Sina budi kumweleza jinsi mambo yalivyokuwa.

Nililelewa katika mtaa wa Jericho, mwendo mfupi kutoka Makadara. Katika safu yetu ya nyumba za Baraza la Jiji, runinga zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ile tuliyoitazama sisi ilikuwa ya karani mmoja wa Baraza, ya rangi nyeusi na nyeupe, na antena yake ilifungwa juu ya bomba refu lililopita paa. Upepo ukivuma, mtoto mmoja alitumwa nje kulizungusha bomba huku wa ndani wakipaza sauti kumwelekeza. Tulivua viatu mlangoni tukaketi sakafuni. Mke wa karani alikuwa na sharti moja tu, kwamba kila aingiaye awe ameoga na amemaliza kazi ya shule. Sharti hilo lilitufundisha nidhamu kuliko viboko.

Ratiba tuliijua kwa moyo. Saa moja jioni ilikuwa taarifa ya habari kwa Kiswahili, na saa tatu usiku ikawa zamu ya Kiingereza, nasi wakati huo tulikuwa tumekwisha kufukuzwa tukalale. Kati ya hizo mbili ndipo vilipokaa vichekesho na tamthilia tulizozitamani: Vitimbi, Vioja Mahakamani, na baadaye Tausi. Baba alikuja kusikiliza habari akabaki kwa ajili ya Mzee Ojwang. Sisi watoto tulikuja kwa ajili ya Mzee Ojwang na Mama Kayai, tukalazimika kusikiliza habari kwanza. Hapo ndipo nilipojifunza maneno kama "mswada", "mkutano wa kilele" na "kiangazi", miaka mingi kabla ya kuyakuta darasani. Hakuna aliyekusudia kunifundisha. Nilikuwa nimekaa tu mahali ambapo maneno hayo yalipita.

Sitaki nieleweke vibaya. KBC ya enzi hizo ilikuwa na dosari kubwa. Ilikuwa kipaza sauti cha serikali. Habari zilianza na Rais, zikaendelea na Rais, na aliyetaka kujua upinzani ulisema nini alinunua gazeti. Simtamanii mtu yeyote irudi. Ninachokitamani ni kile kilichokuwamo ndani ya ule ufinyu: kwamba mzee na mtoto, msomi na asiyesoma, mkazi wa Jericho na mkazi wa Lavington, walikutana katika chumba kimoja cha lugha kwa saa moja au mbili kila jioni. Chaneli ile moja ilikuwa sebule ya taifa. Kiswahili kiliketi sebuleni, tena mapema, wageni wote wakiwa bado macho.

Sasa tutazame kilichotokea nyumba ilipoongezwa vyumba.

KBC iliitumia nafasi ya dijitali kuanzisha chaneli nyingine kando ya ile ya kwanza, zikiwemo Y254 ya vijana na Heritage ya mambo ya utamaduni. Chaneli ya Edu nayo ni ya masomo. Kwa juu juu huo ni ukarimu: kila mtu amepewa chumba chake. Vijana waende kule, wapenzi wa mila waende huku, wanafunzi wakae pale. Lakini mwenye nyumba akishampa kila mtu chumba chake, ni rahisi kujiona amemaliza wajibu, na ndipo sebule inapoachiwa yule anayelipa. Yaliyokuwa ya lazima kwa wote yanageuka kuwa ya hiari kwa wachache, na wachache hao sharti kwanza wajue namba ya chumba.

Jambo hili halikuanza kwetu. Shirika la BBC la Uingereza lilikuwa na desturi ya miaka mingi ya kuonyesha vipindi vya watoto alasiri katika chaneli yake ya kwanza, watoto wakitoka shuleni. Mwaka wa 2002 lilianzisha chaneli mbili za dijitali za watoto pekee. Uingereza ilimaliza kuzima analogi Oktoba 2012, na Desemba ya mwaka huo huo vipindi vya watoto vikaondolewa katika BBC One. Hoja ilikuwa kwamba watoto sasa wana chaneli zao, na ni kweli wanazo. Lakini tangu siku hiyo, mtu mzima anayefungua chaneli kuu ya nchi yake alasiri hakumbushwi kwamba watoto wapo.

Mfano unaonigusa zaidi kama mwanaisimu ni wa Wales. Wanaharakati wa Kiwelisi walipigania kituo cha runinga cha lugha yao hata mwanasiasa Gwynfor Evans akatishia, mwaka wa 1980, kufunga kula hadi kufa. Kituo hicho, S4C, kilianza kurusha matangazo Novemba 1982. Kwa kuwa masafa ya analogi yalikuwa haba, kituo kilikuwa cha lugha mbili: vipindi vya Kiwelisi viliwekwa katika saa za jioni zenye watazamaji wengi, na muda uliobaki ukajazwa vipindi vya Kiingereza vya Channel 4 ya London. Analogi ilipomalizika kuzimwa huko mwezi Machi 2010, Channel 4 ikapata njia yake na S4C ikabaki na Kiwelisi kitupu.

Je, hiyo ilikuwa faida au hasara? Ilikuwa vyote viwili. Faida ni kwamba lugha ilipata nyumba kamili, kutwa kucha, na hadhi inayoambatana na nyumba. Hasara ni ya yule mtazamaji aliyekuwa akitazama kipindi cha Kiingereza, kikaisha, akabaki kitini kwa uvivu tu, na Kiwelisi kikamkuta hapo. Mtu wa aina hiyo hakukusudia kujifunza, na lugha inayotafuta wasemaji wapya inamhitaji mtu huyo kuliko inavyomhitaji mpenzi wake wa jadi. Mfumo wa dijitali haukumkataza kusikiliza Kiwelisi. Ulimpa njia rahisi ya kutokutana nacho.

Naam, Kiswahili si Kiwelisi. Kina mamilioni ya wasemaji, na Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hatuogopi kufa kwake. Tunachopaswa kuogopa ni kupungua kwa nyuga kinamotumika, hasa miongoni mwa watoto wa mitaa kama yetu.

Nizungumzie Eastlands kwa kuwa ndiko nilikozaliwa na ndiko ninakoishi. Mitaa hii, kuanzia Kaloleni na Bahati hadi Dandora, Kayole na Umoja, hutajwa na wengi kuwa chimbuko la Sheng. Kwa baadhi ya walimu hiyo ni aibu. Kwangu mimi ni ithibati ya ubunifu wa watoto waliokutana uani wakitoka katika lugha kumi tofauti, wakahitaji kucheza pamoja. Sheng si adui wa Kiswahili. Hata sarufi inayoibeba, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiswahili. Tatizo la mtoto wa Kayole ni kwamba mara nyingi Sheng ndiyo sajili pekee ya Kiswahili aliyo nayo. Walimu wanaosahihisha insha wanayajua matokeo yake. Mwanafunzi huandika barua rasmi kwa maneno ya kituo cha matatu kwa sababu hajapata kuisikia sajili nyingine ikisemwa na watu walio hai. Ameisoma vitabuni kama mtu anavyosoma ramani ya mji asioufikia.

Kizazi changu kiliisikia. Tulisema Sheng uani na tukasikia Kiswahili cha habari saa moja. Baada ya habari, tulisikia Kiswahili cha Vitimbi, chenye lafudhi za kila pembe ya nchi, kikichanganya ndimi bila haya. Katika Vioja Mahakamani tulisikia lugha ya kortini, mshtakiwa akijieleza na hakimu akimhoji. Hizo ni sajili tatu au nne katika jioni moja, bila ada ya shule. Ukimuuliza mwanaisimujamii yeyote, atakwambia kwamba umahiri wa lugha ni uwezo wa kuhama kutoka sajili hadi sajili kulingana na mahali na mtu. Uwezo huo hauji kwa kukaririshwa. Unakuja kwa kusikia, tena kusikia pamoja na wengine wanaocheka pale unapocheka.

Kuna hoja tatu za kunipinga ambazo nimezisikia kwa wenzangu chuoni na kwa wanafunzi wangu. Nitazijibu kwa kuwa zina uzito.

Ya kwanza husema kwamba ratiba imepitwa na wakati. Vijana hutazama watakacho kwenye simu, saa waitakayo. Hoja hii husemwa sana na watu wenye intaneti nyumbani. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, takriban asilimia 41 ya nyumba nchini zilikuwa na runinga, na takriban asilimia 57 zilikuwa na redio. Zenye intaneti zilikuwa chache mno, chini ya nyumba moja kwa kila tano. Hata anayemiliki simu hununua data kwa vijisenti, naye haitumii kutafuta somo la ngeli. Fauka ya hayo, simu humletea mtu mfano wa kile alichokwisha kukitazama jana. Anayependa kandanda huletewa kandanda. Ratiba ya umma ilikuwa na kazi iliyo kinyume na hiyo: kumletea mtu asichokiomba, kisha akashukuru.

Hoja ya pili ni ya fedha. Saa za jioni huuzwa ghali kwa wenye matangazo ya biashara, na KBC imebeba mzigo wa madeni kwa miaka mingi. Haitaweza, husemwa, kuutoa muda huo kwa Kiswahili na wanafunzi. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau Kiswahili kingekuwa hakiuzi. Lakini Citizen, kituo cha biashara kisicho na wajibu wa kikatiba wa kukuza lugha, kilijenga jina lake katika saa hizo hizo kwa Papa Shirandula, Inspekta Mwala, Machachari na Mother-in-Law, na baadaye kwa Maria na Zora. Kilifanya hivyo kwa kuokota kilichokuwa kimeangushwa na kituo cha umma. Nayo tamthilia ya Selina iliyoanza mwaka wa 2018 ilionyeshwa katika Maisha Magic East, chaneli ya kulipia. Kumbe watazamaji wapo na fedha zipo. Asiyekuwepo ni mwananchi asiyeweza kulipa, na huyo ndiye aliyemfanya mtu abuni neno "umma".

Hoja ya tatu ni kwamba sheria imekwisha kututosheleza, kwa kuwa kanuni za utangazaji zimevitaka vituo vitenge angalau asilimia 40 ya muda kwa vipindi vya humu nchini. Hilo ni jema, lakini msomaji aangalie kipimo chenyewe. Kinapima kipindi kimetengenezwa wapi, hakipimi kimesemwa katika lugha gani. Kipindi kinaweza kutengenezwa Nairobi na Wakenya watupu kwa Kiingereza kitupu, na hesabu ikatimia.

Mtu hawezi kulalamika kwa kurasa nzima bila kusema angetenda nini. Ningependekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mtambo mpya.

Mosi, saa moja kabla ya taarifa ya habari ya Kiswahili, yaani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja jioni, itengwe katika chaneli ya kwanza ya KBC kwa ajili ya watoto na wanafunzi, kwa Kiswahili, siku tano za wiki. Iwe katika chaneli ya kwanza, wala isisukumwe Edu au Y254. Mzazi anayefika nyumbani Kayole akitoka kazini Eneo la Viwanda amkute mwanawe hapo, waketi pamoja, na habari ziwakute wote wawili.

Pili, saa mbili usiku irudishiwe tamthilia na vichekesho vya Kiswahili, kama ilivyokuwa. Vipindi vya kuanzia vipo. Kila mwaka shule zetu hushiriki tamasha za kitaifa za drama, na michezo mizuri ya Kiswahili huandikwa na walimu, huigizwa na wanafunzi, hushangiliwa kwa siku chache, kisha husahauliwa. Kamera mbili na ukumbi mmoja zingeweza kuijaza saa hiyo kwa miezi. Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu angewaambia wanafunzi wake Jumatatu: tazameni leo usiku, kesho tutajadili. Sentensi hiyo haiwezi kusemwa kuhusu kipindi ambacho kila mtu hukitazama saa yake.

Tatu, zile chaneli za kando zipewe kazi zinayoiweza, ambayo ni kurudia na kuhifadhi. Aliyekosa somo jioni alipate Edu asubuhi. Heritage nayo ifungue hazina ya kanda za zamani. Runinga ilianza nchini mwaka wa 1962, na kwa takriban miaka 30 hakuna kituo kingine kilichokuwa na kamera zake hapa. Mzee Ojwang alituaga Julai 2015, miezi michache tu baada ya analogi kuzimwa. Kazi yake isibaki kuwa vipande vifupi vinavyozungushwa simuni na watu wasiojua vilitoka wapi.

Nne, na hili linawahusu walimu wenzangu, tuidai ratiba iliyochapishwa na isiyobadilika. Kipindi kinachohamishwa kila wiki ni sawa na somo lisilo na kengele. Ratiba ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila shule, pamoja na namba ya chaneli katika kila aina ya king'amuzi. Tusipoidai sisi, hakuna wakala wa matangazo ya biashara atakayeidai kwa niaba yetu. Kifungu cha 34 cha Katiba kinavitaka vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yake na visipendelee upande wowote. Uhuru huo wa kuamua ni pamoja na uhuru wa kuamua saa moja jioni ni ya nani.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi hatukuuacha mbachao wetu kwa kutoupenda. Tuliletewa misala kumi kwa siku moja, tukaukunja ule wa zamani tukauweka uani, tukisema tutautandika siku nyingine.

Mtoto yule wa Umoja amekwisha kumaliza shule ya msingi siku nyingi. Majuzi tulikutana kituoni, akanisalimu kwa heshima, tukazungumza kidogo kuhusu masomo yake. Sikumkumbusha habari ya rimoti, naye hakuitaja. Lakini ana mdogo wake ambaye sasa anasoma, na runinga iliyo sebuleni mwao ni ile ile. Siku mdogo huyo atakaponibishia mlango, ningependa aniulize kuhusu jambo alilolisikia runingani jana, si namba ya kulitafutia.